Jina la Binti wa Ngwali

Hapo zamani, wala si ile zamani ya sungura kuvaa kanzu, ni zamani hii ya karibu ambayo zahanati zilikuwepo na watu wakizikwepa, palikuwa na mtoto wa kike wa siku saba asiye na jina. Siyo kwamba majina yalikosekana. Yalikuwepo matatu, kila jina lina mwenyewe, na kila mwenyewe alikuwa amekaa mkekani uani kwa Ngwali asubuhi ile, amejiweka sawa, anangoja kuambiwa kwamba ni yeye.

Ngwali ndiye baba wa mtoto. Aliumwa, akapona, na siku aliyopona akatamka mbele ya watu: "Aliyeniokoa na ugonjwa ule, mwanangu atachukua jina lake." Mwanamume akipona huropoka. Hakusema ni nani. Watu watatu wakasikia, na kila mmoja akasikia jina lake.

Sasa tulieni niwaeleze ilikuwaje, maana mwishoni kazi ni yenu.

Kijiji kiliitwa Kwamivule, na kazi ya wanaume wa pale ilikuwa kupasua mbao. Siyo kwa mashine. Gogo linawekwa juu ya shimo, msumeno mrefu unashikwa na watu wawili, mmoja anasimama juu ya gogo, mwingine anaingia shimoni. Wa juu anaitwa fundi. Wa chini haitwi kitu. Wa juu anaona jua na wapita njia. Wa chini anakula unga wa mbao kutwa nzima, machoni, puani, kooni, na akikohoa hakuna anayegeuka, kwa sababu kukohoa ndiyo kazi yake.

Wa juu alikuwa Ngwali. Wa chini alikuwa Mhando. Miaka tisa, msumeno mmoja.

Ngwali alikuwa na kifua. Nasema kifua, siyo hivi vya kwenu. Vifungo vya shati hafungi, na akizungumza na wewe anajipiga ngumi kifuani kama mtu anayegonga mlango wa mdeni. Kila asubuhi akishapanda gogo anasafisha koo, khaaa, kwa kishindo, kisha anatema. Anatemea wapi? Shimoni. Mhando alilalamika miaka tisa.

"Ngwali, mimi niko huku chini."

"Najua uliko, bwana. Sogea."

Pale kijijini palikuwa na mhudumu wa afya, mwanamke aitwaye Sikujua. Mama yake alimpa jina hilo kwa sababu hakujua kama ana mimba mpaka mwezi wa sita. Sikujua alipewa kizibao na kikapu cha vikopo vyenye vifuniko, akaambiwa: kila anayekohoa kupita wiki mbili mpe kikopo, akohoe alete makohozi ya asubuhi kutoka ndani kabisa, siyo mate, na umwone kwa macho yako akiyatoa. Kisha upeleke kituo cha afya. Kituo kilikuwa ng'ambo ya mto, saa tatu kwenda, saa tatu kurudi, kwa miguu yako mwenyewe.

Siku moja akafika shimoni.

"Shemeji Mhando, unakohoa tangu lini?"

"Tangu nizaliwe."

"Chukua kikopo. Kesho asubuhi nitakuja kukusimamia."

Mhando akakishika kile kikopo kama aliyepewa nge. Sababu alikuwa nayo. Kaka yake alikufa kwa kukohoa. Alipokufa watu walichoma mkeka wake, wakachoma bakuli lake, wakabomoa chumba alicholala, na hakuna mtoto hata mmoja wa ukoo aliyepewa jina lake. Ukimtaja, watu wanaangalia miguu yao. Mhando mwenyewe hakuwa na mtoto. Akawaza: wakinikuta na ugonjwa ule, na mimi nitafutwa hivyo hivyo, kama chaki ubaoni.

Asubuhi akaingia shimoni na kikopo chake. Sikujua akaja kumsimamia kama alivyoagizwa. Lakini huyu Sikujua, mhudumu wa afya, mwenye cheti ukutani, alikuwa na udhaifu wake: makohozi hawezi kuyaangalia. Akatoa maelekezo vizuri, akageuza mgongo, akaanza kuhesabu mbao za watu.

Na juu ya gogo Ngwali akasafisha koo. Khaaa.

Mhando, ambaye miaka tisa alikuwa akisogea, asubuhi ile hakusogea. Alikinga. Akafunga kifuniko, akafuta pembeni kwa jani, akampa Sikujua. Aliwaza hivi: nani mzima Kwamivule kumshinda Ngwali? Makohozi ya mwenye kifua kama kile yatanitoa safi.

Sikujua akatia kikopo kikapuni, huyo. Mto ulikuwa umejaa. Katikati akateleza, akaenda chini mzima mzima, kizibao na kila kitu, lakini akawahi kukichomoa kile kikopo, na mkono uliokishika ukabaki juu ya maji. Wanawake waliokuwa wanafua walisimulia kwamba waliona mkono unavuka mto peke yake.

Siku ya tatu akarudi na majibu na paketi ya dawa.

"Shemeji Mhando, wadudu wamejaa. Ni kifua kikuu. Usiogope. Dawa ni miezi sita, unameza mbele yangu kila asubuhi, unapona."

Mhando akakaa chini. Mnaelewa kwa nini alikaa. Duniani kote yeye peke yake ndiye aliyejua kifua kile ni cha nani. Akisema, ameumbuka: mwizi wa makohozi, kosa ambalo hata polisi hawana karatasi yake. Asiposema, Ngwali ataoza pale juu huku anajipiga ngumi. Akafanya wanalofanya wanaume wengi, akanyamaza ili mambo yajimalize yenyewe. Siku nne akameza dawa ya mtu mwingine. Mkojo ukatoka rangi ya chungwa, kama Sikujua alivyomwambia utatoka, lakini yeye moyoni alisema hiyo ni adhabu.

Siku ya tano wako kazini, msumeno unapanda, msumeno unashuka. Ngwali akakohoa, safari hii bila kishindo. Kitu kikaanguka kwenye unga wa mbao mbele ya miguu ya Mhando. Unga ulikuwa mpya, wa manjano. Kitone kilikuwa chekundu.

Mhando akaachia msumeno katikati ya gogo, kitu ambacho mpasua mbao hafanyi hata akiitwa msibani. Akapanda juu. Wanunuzi wapo. Sikujua yupo na vidonge vyake. Mkunde, mke wa Ngwali, mimba yake ndiyo kwanza inaonekana, kaleta uji. Mhando akasema mbele yao wote, "Makohozi yale siyo yangu. Ni ya huyu. Niliyakinga."

Hakuna aliyecheka, kwa sababu hakuna aliyeelewa. Ikabidi arudie, na aeleze alikinga vipi, na kwa mkono upi. Ndipo wakacheka.

Sikujua hakucheka. Akamgeukia Ngwali. "Kumbe mwenye kifua kikuu ni wewe, kaka."

Ngwali akajipiga ngumi. "Ndiyo kwanza unakiona leo?"

"Siyo hicho. Nasema ugonjwa."

"Nani mgonjwa?"

Mkunde akaweka uji chini. "Tangu mwezi wa Mfungo Mosi ananilowesha shuka kwa jasho, na suruali anafunga kwa kamba. Mimi nilidhani ana mwanamke."

Wakapimwa wote. Sikujua akavuka tena mto na vikopo, na mara hii alikodoa macho kila kikopo kilipokuwa kinajazwa, halafu akaenda kutapika nyuma ya mbao. Ngwali: wadudu. Mkunde: safi. Mhando: hana kitu ila unga wa mbao, angeweza kutengenezwa kabati. Dirisha la chumba cha Ngwali lililozibwa gunia likafunguliwa, Ngwali akaanza dawa, na majirani walipokuja kuulizia bakuli lake likachomwe, Sikujua akasimama mlangoni. Akasema bakuli halina kosa, ugonjwa huu unapita kwenye hewa, na anayewashwa na moto akachome taka za kwake.

Ikapita miezi miwili. Homa ikaondoka, mwili ukarudi, suruali ikakataa kamba. Ngwali akasema amepona na dawa ni za wagonjwa.

"Hujapona, umepata nafuu," Sikujua akamwambia. "Waliobaki humo ndani ndio wadudu wabishi. Ukiacha sasa watarudi, na dawa hizi hawatazisikia. Utampa mkeo. Na huyo aliye tumboni utampa akitoka."

Ngwali akasikiliza vizuri, kisha akapanda juu ya gogo. Kila akiona kizibao kinakuja anapanda. Sikujua mfupi, gogo refu. Siku tatu alisimama pale chini na vidonge kiganjani kama anayeita kuku.

Siku ya nne hakwenda kwenye gogo. Alikwenda kitongoji cha pili, kwa Bi Mwanamvua, mama yake Mkunde.

Hapa lazima mjue mkwe ni nini kule kwao. Mwanamume akimwona mama mkwe njiani anaingia porini mpaka apite, hata kama porini kuna siafu. Mbele yake hali. Mbele yake hakohoi. Jina lake halitamki mpaka kufa. Na mkwe akiomba kitu, hakataliwi. Sasa huyu Bi Mwanamvua ndiye alikuwa kungwi mkuu. Wari wote wa Kwamivule, yeye ndiye aliyewafundisha heshima hiyo, na fimbo ilihusika.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umefuata nini?"

"Mkweo anakataa dawa. Atakufa."

"Atakufa lini?"

"Pengine mwakani."

Bi Mwanamvua akafikiri. "Na binti yangu atarudi hapa na mtoto?"

"Ana pengine pa kwenda?"

"Nyumba yangu ina vyumba viwili, na kimoja wanalala mbuzi," akasema Bi Mwanamvua, akaanza kutafuta kanga yake.

Asubuhi iliyofuata Ngwali akafungua mlango, akamkuta mama mkwe amekaa juu ya kinu kilicholazwa, amempa mgongo kwa adabu. Ngwali akatafuta pori la kuingia. Uani hakuna pori.

"Mkwe," mgongo ukasema, "naomba umeze dawa."

Akameza. Angefanyaje? Siku ya pili akameza. Siku ya tatu Mkunde akafagia jikoni, akakuta kidonge kimelala kwenye majivu. Siku ya nne Bi Mwanamvua hakutoa mgongo. Aligeuka, akamtazama mkwewe usoni.

"Panua."

"Mama."

"Panua nione."

Ngwali akapanua kinywa mbele ya mama mkwe wake. Akainua na ulimi. Yule mama akachungulia kushoto, akachungulia kulia, akamwambia gego la tatu limeoza.

Miezi minne ikawa hivyo, mvua na jua. Panua. Inua ulimi. Haya, funga. Makungwi wenzake walipopata habari wakamwita kikaoni. Wakasema mwanamke anayehesabu meno ya mkwewe hawezi kumfundisha mwari heshima. Wakamvua ukungwi, wakachukua na kigoda chake. Hakulia. Alisema kigoda chenyewe kilikuwa kinayumba. Lakini tangu siku ile ngoma za wari zikilia, alikuwa anafunga mlango.

Mwezi wa sita Sikujua akavusha kikopo cha mwisho. Kikarudi na habari moja: hakuna mdudu. Ngwali akaropoka ile ahadi yake, na wiki ya pili Mkunde akajifungua.

Basi turudi mkekani, siku ya saba. Mzee Kibua, mnyoaji wa watoto, ameshanoa wembe. Maji yako kwenye bakuli, lile lile ambalo lilikoswakoswa na moto.

"Unywele hauondoki kabla jina halijatajwa," akasema. "Semeni upesi, jua linapanda."

Akaanza Mhando.

"Jamani, Ngwali mnamjua. Makohozi yake asingeyatoa kwa hiari hata angeombwa na malaika. Ilibidi yaibwe. Aliyeyaiba nani? Mimi. Na aliyepanda juu ya gogo akajiaibisha nani? Mimi. Mpaka leo naitwa Mkinga, na watoto wamenitungia wimbo. Nitoeni mimi hapo katikati, Ngwali yuko wapi?"

"Kaburini," watu wakaitikia.

Akashusha sauti. "Kwetu kuna jina moja limeshafutwa. Sitaki yawe mawili."

Watu wakaangalia miguu yao. Bi Mwanamvua hakuangalia ya kwake. "Uliiba ili upone wewe. Mtu akiiba gunia, akafika kwake akakuta ndani yake mtoto wa watu aliyepotea, tumpe zawadi au tumfunge? Na siku nne ulikunywa dawa ya mwenzio ukanyamaza. Halafu huyu ni mtoto wa kike."

"Jina halina sketi wala suruali, mama."

Akafuata Sikujua.

"Kikopo kilikwenda kituoni kwa miguu yake? Kingebaki shimoni kingeota uyoga. Nani alikipeleka? Mimi. Nani alirudi na dawa? Mimi. Nani alikimbizana na huyu bwana kwenye magogo, na alipomshinda akatafuta wa kumweza? Mimi. Miaka sita nafanya kazi hii, na mpaka leo kilichopewa jina langu ni mbuzi mmoja wa jirani, eti kwa sababu anaingia nyumba za watu bila hodi. Nitoeni mimi hapo katikati, Ngwali yuko wapi?"

"Kaburini."

"Uligeuza mgongo," Mhando akamwambia. "Uliambiwa uangalie, ukahesabu mbao."

"Ningeangalia, kikoponi yangeingia ya kwako. Wewe huna kitu. Ningeandika kwamba shimo zima ni wazima, na Ngwali angeendelea kufa taratibu."

"Kwa hiyo unadai jina kwa kutofanya kazi yako."

"Na wewe unadai kwa wizi. Tumepishana wapi?"

Mzee Kibua akakohoa kidogo. Watu wote wakamgeukia, na Sikujua akatia mkono kikapuni. "Ni tumbaku," akasema yule mzee upesi. "Endeleeni."

Akafuata Bi Mwanamvua. Hakusimama.

"Hawa wawili waligundua. Kugundua siyo kuponya. Mwezi wa pili ugonjwa ulipokuwa unageuza kurudi, mwizi alikuwa wapi? Shimoni. Mwenye kizibao alikuwa wapi? Chini ya gogo, anaita kuku. Mimi nilikuwa na kitu kimoja, heshima yangu, nimeikusanya miaka arobaini. Nikaitumia yote kwenye kinywa cha huyu bwana, haikubaki hata ya kuziba kiraka. Nitoeni mimi hapo katikati, Ngwali yuko wapi?"

"Kaburini."

"Nani alikuja kukuita?" Sikujua akauliza.

"Na ulikuja kwa ajili ya chumba cha mbuzi," Mhando akadakia. "Ulimwambia Sikujua kwa kinywa chako. Ngwali humpendi."

"Nani kakwambia dawa inamezwa kwa mapenzi?"

Hapo Mzee Kibua akanyanyua wembe. "Kuna tatizo. Jina la mtoto analitamka baba, sikioni. Huyu hawezi kutamka jina la mkwewe. Mtoto akiitwa Mwanamvua, baba yake atamwita 'wewe' mpaka aolewe."

"Na mimi sitaweza kumkaripia," akasema Mkunde, aliyekuwa mlangoni na mtoto wake. "Nitamwambiaje mama yangu akaoshe vyombo? Lakini na Sikujua silitaki. Mwalimu atamuuliza jina lako nani, mtoto atajibu Sikujua, atachapwa siku ya kwanza ya shule. Na Mhando, shemeji, kila nikimwita mwanangu watu watakumbuka kikopo."

"Watakumbuka pia kwamba nilisema," Mhando akajibu.

Mtu mmoja nyuma akasema basi apewe yote matatu. Mzee Kibua akamtazama kwa huruma. "Kichwa kimoja, jina moja. Majina matatu ni ya karatasi za serikali."

Ngwali akasimama. Hakujipiga ngumi kifuani siku ile. Akamtazama Mhando, ambaye kesho yake wangeshika tena msumeno mmoja. Akamtazama Sikujua, ambaye alikuwa na vikopo vingine viwili vya watu wengine kikapuni na mto unamngoja. Mama mkwe hakumtazama, maana ugonjwa umekwisha na adabu imerudi. Alitazama pale mahali kinu kilipokuwa kimelazwa. Alijua kwamba jina moja likiingia sikioni, mawili yatakwenda nyumbani yakiwa yameinama, na hayatapata nafasi nyingine, kwa sababu mkunga alishamwambia Mkunde uzazi wake ndio huo wa mwisho.

Akamchukua mtoto. Akainama. Watu wakasogea, mkeka ukakunjika.

Haya. Msinitazame mimi, na wewe uliyeanza kusinzia amka, hili ni lako pia. Yuko aliyeiba makohozi, kisha akajiumbua mbele ya watu ili mwenzake aishi. Yuko aliyeyavusha mto akarudi na dawa, japo alitazama pembeni siku ya kwanza. Yuko aliyekuja kwa kuogopa kubanana, akaacha ukungwi wake wote kwenye meno ya mkwe. Mtoto yuko mikononi, sikio liko wazi, wembe umelowa. Je, ungekuwa wewe ndiye Ngwali, ungemnong'oneza jina la nani?